Lita Zilezile, Tangi Tofauti: Hesabu ya Vipimo vya Tangi la Matumbawe

Chukua sanduku la kioo lenye vipimo vya sentimita 150, 75 na 55. Ukililaza ili kimo kiwe 55, linameza lita 619. Ukilisimamisha ili kimo kiwe 75 na upana uwe 55, linameza lita 619 zilezile. Duka linalouza matangi kwa lita litayaandika kwenye mstari mmoja. Ila kwa kioo, kwa sakafu na kwa matumbawe yenyewe, hayo ni matangi mawili yasiyofanana. Anayeagiza tangi la nyumbani bila kuijua tofauti hiyo hulipa zaidi apate kidogo.

Safu hii inapitia hesabu zinazomfikisha mtu kwenye umbo lililolazwa, yaani 150 kwa 75 kwa 55, na inaonyesha kila sentimita imetoka wapi.

Matangi manne ya urefu mmoja

Pazuri pa kuanzia ni Marekani, ambako matangi ya kiwandani yana vipimo vilivyozoeleka kwa miaka mingi. Manne kati yake yana urefu uleule wa inchi 48, yaani sentimita 122: la galoni 55, la 75, la 90 na la 120. La galoni 55 lina upana wa sentimita 33 na kimo cha 53. La 75 lina upana wa 46 na kimo kilekile cha 53. La 90 linabaki na upana wa 46, ila kimo kinapanda hadi 61. La 120 linabaki na kimo cha 61, na sasa ni upana unaopanda hadi 61.

Hatua mbili za mwisho zina somo lote. Kutoka galoni 75 hadi 90, mnunuzi anapata lita kama 57 za ziada, zote zikiwa juu. Eneo la kitako halijaongezeka hata kidogo, lakini msukumo wa maji ya chumvi kwenye kioo cha mbele umepanda kwa karibu theluthi, kutoka takriban kilo 176 hadi kilo 233. Kutoka 90 hadi 120 anapata lita kama 113, mara mbili ya zile za kwanza, na msukumo kwenye kioo cha mbele umebaki palepale.

Sababu ni kwamba shinikizo la maji hufuata kina, halifuati wingi wa maji. Kioo cha mbele hakijui kama nyuma yake kuna sentimita 46 za maji au mita 46. Hivyo upana huongeza maji bila kukitesa kioo hicho, ilhali kimo hukitesa kila kinapopanda.

Unene wa kioo

Hesabu inayotumiwa sana na wajenzi wa matangi huanza na kimo, kikazidishwa chenyewe mara tatu. Tokeo huzidishwa kwa kigezo kinachotokana na uwiano wa urefu kwa kimo, hugawanywa kwa mkazo ambao kioo kinaruhusiwa kubeba, kisha hutafutwa kipeuo cha pili. Upana hauonekani popote katika hesabu ya kioo cha mbele. Mkazo unaoruhusiwa huwekwa mara 3.8 chini ya ule unaokadiriwa kukivunja kioo, kwa kuwa mkwaruzo mdogo au ukingo uliokatwa vibaya hupunguza sana uimara wake.

Kwa tangi la urefu wa sentimita 150 lisilo na mikanda ya kulishika juu, kimo cha 55 kinadai kioo cha milimita 10.9. Kimo cha 60 kinadai 12.2, na cha 75 kinadai 16.4. Tatizo ni kwamba kioo hakiuzwi kwa nukta. Dukani kuna milimita 10, 12, 15 na 19. Kwa hiyo tangi la kimo cha 55 linajengwa kwa kioo cha 12 likiwa na akiba. La kimo cha 60 linakosa kioo cha 12 kwa sehemu mbili za kumi za milimita, likalazimika kuruka hadi 15. Lililosimama, la kimo cha 75, linakwenda hadi 19.

Hapo ndipo 55 ilipotoka. Sentimita 5 za juu zingeongeza lita 56, na zingepandisha daraja la kioo kizima. Kwa uzito, vioo vitano vya sanduku lililolazwa vinafika takriban kilo 108, na vya lililosimama vinafika kilo 185, kabla hata tone la maji halijamiminwa. Msukumo kwenye kioo cha mbele cha lililolazwa ni takriban kilo 233, sawa kabisa na wa tangi la galoni 120, ingawa maji ni zaidi kwa lita 165. Kwenye lililosimama msukumo huo unafika kilo 432.

Upana ni wa matumbawe

Tangi la matumbawe halijazwi mawe kutoka kioo hadi kioo. Mbele huachwa nafasi ya sentimita 10 hivi ili sumaku ya kufutia mwani ipite, na nyuma huachwa 5 au zaidi ili maji yazunguke na uchafu usikwame. Ondoa nafasi hizo kwenye tangi la upana wa 33: zinabaki 18. Mawe hayana pa kwenda ila juu, na matumbawe hupangwa kama bidhaa kwenye rafu ya duka, kila moja likimtia mwenzake kivuli. Kwenye upana wa 75 zinabaki 60. Hapo unaweza kujenga visiwa viwili, ukaacha mkondo katikati na pango nyuma, na matumbawe ya matawi yakapata nafasi ya kutanuka kwa miaka kadhaa bila kugusana. Kugusana si jambo dogo, maana aina nyingi za matumbawe hupigana kwa kuchomana, na mnyonge hufa.

Kuna sababu nyingine, ya macho. Nuru hupinda ikitoka majini, na mtu aliyesimama mbele ya tangi huona umbali wa ndani ukiwa umepungua kwa robo. Sentimita 75 huonekana kama 56, na 33 huonekana kama 25. Tangi jembamba huonekana jembamba zaidi ya lilivyo. Anayetaka jicho lione kina cha mwamba hana budi kununua upana wa ziada ambao maji yatauficha.

Urefu ni wa samaki, na wa taa

Kangaja wanaokula mwani kwenye miamba yetu huogelea mchana kutwa, na urefu wa tangi ndio uwanja wao. Hata urefu wa 150 hautoshi kwa kila kangaja. Zebrasoma desjardinii, anayepatikana magharibi mwa Bahari ya Hindi, hufika sentimita 40, na sebule si mahali pake. Jamaa zake wadogo, wanaokomea kwenye sentimita 20 hivi, ndio wa kufikiriwa.

Taa nazo zina neno. Taa nyingi za LED za matumbawe hupangwa kwa kukadiria kwamba moja hutosha eneo la sentimita 60 kwa 60. Mbili zinamulika 120. Ukiongeza 15 kila upande unapata 150. Ncha hizo mbili zenye mwanga hafifu hazipotei bure, kwani pampu za mawimbi hufungwa hapo, na pampu iliyo karibu mno na tumbawe huweza kulichuna nyama. Kwa upana, 60 za mwanga ndani ya 75 zinaacha ukanda wa kivuli mbele na nyuma, ambako mwani kwenye kioo hukua polepole zaidi. Urefu wa 165 ungekuwa wa ovyo, kwa sababu ni mwingi mno kwa taa mbili na haujafika wa kustahili ya tatu.

Kimo ni cha mtazamaji, na cha mkono

Kimo hupendeza, hilo halina ubishi. Lakini mwanga hupungua kadiri unavyosambaa kwenda chini, kwa hiyo tangi lenye kimo kikubwa hudai taa zenye nguvu zaidi. Na kuna mkono. Kutoka kwapani hadi ncha za vidole, mtu mzima ana kama sentimita 65 au 70. Kwenye kimo cha 75 atachovya bega ili aokote kipande cha tumbawe kilichoanguka mchangani. Kwenye 55 anafika chini bila shida.

Ila usihesabu 55 zote kuwa maji. Toa unene wa kitako na wa kuta, pamoja na sentimita 5 za juu, na tangi la lita 619 linabaki na lita kama 520, nazo hupungua zaidi mawe na mchanga vikiingia. Dawa na chumvi zipimwe kwa maji yaliyomo, si kwa namba ya kwenye karatasi.

Upana nao una bei yake

Uso mpana hubadilishana hewa vizuri, lakini pia hukausha maji haraka, na kila siku maji baridi yasiyo na chumvi lazima yarudishwe kufidia. Umeme ukikatika, maji yaliyo juu ya mdomo wa kumwagia hushuka yote kwenye tangi la chini, lile la kuchujia maji lililo chini ya meza. Kwa uso huu, kila sentimita moja ya kushuka ni lita 10.7, na sentimita 3 ni lita 32. Tangi la chini lisipoachiwa nafasi hiyo, sebule italowa siku ya kwanza ya giza. Na ukuta wa nyuma wa tangi la upana wa 75 uko mbali kidogo kuliko mkono unavyofika ukiwa mbele. Hapa jibu ni kuweka kisanduku cha kumwagia maji nyuma, ili sehemu isiyofikika isiwe na tumbawe.

Kisha kuna sakafu. Maji, kioo, mawe, mchanga, meza na tangi la chini kwa pamoja vinakaribia kilo 900 juu ya mita ya mraba 1.1. Sakafu za nyumba za kuishi huko Ulaya na Marekani kwa kawaida hukadiriwa kubeba kilo 150 hadi 200 kwa mita ya mraba, ingawa hesabu hiyo ni ya chumba kizima na si ya pembe moja karibu na ukuta wenye nguvu. Juu ya udongo, kwenye zege la chini, hofu ni ndogo. Kwenye ghorofa, hasa yenye sakafu ya mbao, mhandisi aitwe kabla ya fundi wa kioo. Lililosimama lingeweka mzigo mzito zaidi juu ya mita ya mraba 0.83 tu.

Sentimita 10 za ziada ziende wapi?

Tuseme umepata fedha za kuongeza sentimita 10. Ukiziweka kwenye kimo unapata lita 112, kioo cha 15, na maji yanayokaribia kwapa. Ukiziweka kwenye urefu unapata lita 41, kioo kilekile cha 12, na ncha ambazo taa hazifiki vizuri. Ukiziweka kwenye upana unapata lita 82, kioo cha mbele kilekile cha 12, na ukuta wa nyuma usiofikika.

Kwa tangi linaloegemea ukuta, basi, 75 ndio mwisho wa upana, na fedha hizo ni bora ziende kwenye tangi la chini. Tangi likiwa wazi pande mbili, mkono ukifika kutoka kila upande, upana uende hadi 85 bila kusita. Kimo kibaki cha mwisho kwenye orodha, na kisivuke pale kinapokulazimisha kununua kioo cha daraja la juu.