Kushiba si kulishwa: maneno juu ya vyakula vya "kuongeza masa"

Huku Kivu tuko na neno moja zito: bwaki. Ni ugonjwa ambao vitabu vinauita kwashiorkor. Mtoto anakula bugali ya muhogo kila siku, tumbo linajaa, lakini miguu inavimba, nywele zinabadilika rangi, nguvu inakwisha. Hospitali ya Lwiro, kule Kabare, inajulikana tangu zamani kwa kuwatunza na kuwachunguza watoto wa namna hiyo. Mama zetu hawakuhitaji diplome ili waelewe somo lake: mtu anaweza kushiba bila kulishwa.

Ninaanza na neno hilo ju vijana wengi wa homu na wa kartye siku hizi wanainua vyuma, na kila mmoja anatafuta kilo. Mimi pia ninaingia sal mara tatu kwa juma, sisemi kama mtu wa nje. Na kwetu kukonda si siri ya mtu peke yake. Ukirudi nyumbani wakati wa likizo na mashavu yameingia ndani, shangazi anakuuliza mbele ya wageni: "Weye, huko Bukavu haukulaka?" Njo maana mtu akikuambia kuna chakula cha kalori elfu moja ndani ya kopo moja, unasikiliza haraka.

Vyakula hivyo vinasifiwa kwa mambo matatu: ni rahisi kutayarisha, ni vitamu, na vinajenga mwili. Nimevichukua kimoja kimoja nivipime kwa mambo hayo hayo matatu. Neno langu ni hili: vingi vilipimwa katika jikoni yenye frigo, umeme usiokatika na mshahara wa kila mwezi. Vikifika kwenye mbabula ya mwanafunzi, urahisi unapotea, na kinachobaki ni bei.

Kwanza tukubaliane juu ya kipimo cha lishe. Ili mwili uongezeke, unahitaji kula kupita unachotumia, kama kalori 300 mpaka 500 zaidi kwa siku. Hakuna lazima ya kula kama ng'ombe. Juu ya protini, mwaka 2018 British Journal of Sports Medicine ilichapisha kazi ya watafiti waliokusanya majaribio mengi pamoja. Waliona kwamba, kwa wastani, kupita gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, misuli haipati faida nyingine ya kuonekana. Kijana wa kilo 60 anahitaji basi karibu gramu 96. Mushike hiyo namba, tutairudilia.

1. Galoni ya maziwa

Huu ni ushauri wa zamani wa Marekani: kunywa galoni moja ya maziwa kila siku, juu ya chakula cha kawaida. Kocha Mark Rippetoe ni mmoja wa waliousifia sana kwa vijana wembamba. Galoni ya kule ni karibu lita 3.8. Ukipiga hesabu, maziwa yenye mafuta yake yote yanakupa kama kalori 2,400 na protini zaidi ya gramu 120. Kwa lishe na kwa urahisi, tuwe wakweli, ni ushauri wenye nguvu: haupiki, haukatikati, unakunywa tu.

Lakini tumbo la nani? Watu wazima wengi wa Afrika ya Kati hawasagi vizuri sukari ya maziwa, ile laktosi. Lita moja tu inatosha kumfanya mtu akimbie kutoka oditwari katikati ya somo. Mashanza ni afazali, kwa sababu vijidudu vinavyoyagandisha vimekwisha kula sehemu ya laktosi. Fromaji ya Masisi pia iko na laktosi kidogo. Ila lita karibu nne kila siku, bila frigo, kwa bei ya maziwa ya mjini? Ushauri huo ulizaliwa mahali ambapo maziwa ni ya bei ya chini na frigo iko katika kila nyumba. Huku unakuwa mzaha.

2. Kuku, muchele na brokoli

Hii munaijua: sahani kumi za plastiki zimepangwa, kifua cha kuku bila ngozi, muchele mweupe, majani ya kijani, bila chumvi ya kutosha. Inapikwa siku ya Mungu, inaliwa mpaka siku ya Tano. Lishe yake ni safi. Ladha yake ni ya adhabu, na hapo ninaona kosa kubwa kuliko wengi wanavyofikiri. Mtu anayetafuta kuongeza kilo iko na kazi moja ngumu: kula wakati hana njaa. Chakula kisicho na ladha kinafunga mdomo kabla ya tumbo kujaa. Kwa anayetaka kupunguza uzito, hiyo inaweza kumsaidia. Kwa mwembamba, inamrudisha nyuma.

Tena ule upishi wa mara moja kwa juma unategemea frigo. Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika joto la kawaida. Muchele njo hatari zaidi: kuna vijidudu ambavyo mbegu zake zinapona ndani ya maji yanayochemka, halafu muchele ukikaa mezani vinatoa sumu ambayo kuupasha tena hakuiondoi. Kwa hiyo umeme ukienda usiku mzima, zile sahani tano zilizobaki si akiba tena.

3. Poda ya kopo

Tufike kwa mfalme. Nichukue Serious Mass ya Optimum Nutrition, ju inajulikana sana na lebo yake iko wazi. Kipimo kimoja ni gramu 334: kalori 1,250, protini gramu 50, na karibu gramu 250 za wanga. Unatikisa na maji, unakunywa, unaenda. Ladha ya chokoleti. Kwa urahisi sina la kubisha: hakuna makala, hakuna sufuria, na kinywaji kinashuka pale ambapo sahani ingekushinda.

Lakini angalia ni wanga gani. Kitu cha kwanza katika orodha ya vilivyomo ni maltodextrini, yaani wanga, mara nyingi wa mahindi, uliokatwakatwa vipande vifupi ili uyeyuke katika maji. Kwa maneno ya sokoni: sehemu kubwa ya kopo ile ni ndugu wa unga wa bugali, amevaa koti. Tena mfuko wa kilo 2.7 uko na vipimo 8 tu. Siku nane, imekwisha. Mwanafunzi anayekopa ili ainunue anaweka sehemu ya minerval katika wanga ambao Kadutu inauza kila asubuhi. Protini iliyomo ni ya kweli, sikatai. Lakini gramu 50 hazihitaji kuvuka bahari.

4. Vidonge

Hivi si chakula, lakini vinauzwa kwa ahadi ile ile, kwa hiyo siwezi kuviruka. Wengine, wavulana na wasichana, wanameza siproheptadini ili njaa ije, ao deksametazoni ili mwili uvimbe. Siproheptadini ni dawa ya aleji inayoleta usingizi. Deksametazoni ni dawa kali ya hospitali. Ikitumiwa muda mrefu inajaza maji na mafuta usoni, inapandisha sukari ya damu, inalegeza mifupa, na inakula misuli yenyewe. Unaonekana umenona wakati nguvu inapungua. Hiyo nayo ni namna ya kushiba bila kulishwa, na mara hii mtu anailipa kwa pesa zake.

5. Sahani yetu, bila kuipendelea

Sasa wengine watasema: "Njo vile, turudie chakula ya kwetu, imekwisha." Hapana, haijaisha. Sahani yetu pia iko na makosa. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifikishi hata gramu 2 za protini. Mahindi yanafikisha karibu 8. Halafu tunapanga mlima wa bugali na sambaza tano pembeni kama mapambo. Kocha wa sal anasema "kula sana", kijana anaongeza mlima. Anaongeza kilo kweli, ila za tumbo.

Dawa iko katika kugeuza vipimo. Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni protini ya kila soko la Bukavu. Wakikaushwa vizuri, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, na ukiwala na mifupa unapata kalsiyumu. Gramu 100 za maharage makavu ziko na protini kama 21. Karanga kama 25 na kalori zaidi ya 550. Maharage na bugali ya mahindi vinasaidiana: kimoja kinaleta kile ambacho kingine kimekosa. Kijiko kikubwa cha mafuta ya mawese katika sombe kinaongeza kalori zaidi ya 100 bila kuongeza mlima. Na hapo hakuna mtu wa kukulazimisha kula: kitunguu, pilipili na ndimu juu ya sambaza vinafanya kazi ambayo brokoli haiwezi.

Na mpinzani wa poda? Gramu 150 za unga wa masoso, ule wa mahindi, soja na mtama. Gramu 80 za karanga zilizosagwa. Vijiko viwili vya sukari. Yai moja la kuchemsha pembeni. Hesabu yangu inafika karibu kalori 1,200 na protini zaidi ya gramu 40, kwenye gramu 96 tulizosema. Kasoro yake: ni uji mwingi, zaidi ya lita moja, hauwezi kuunywa mara moja. Basi pika asubuhi, kunywa nusu, nusu nyingine iingie katika termosi ikiwa ya moto sana na uimalize kabla haijapoa. Unaibeba kwenye masomo kama watu wanavyobeba chai.

Urahisi wa nani?

Hapa njo ninaona upungufu wa sifa zote hizo. Wanasema "kula mara sita kwa siku, ni rahisi". Katika nyumba nyingi zetu chungu kinapanda moto mara moja, ao mara mbili. Ukidai mara sita, kuna dada atakayewasha mbabula mara sita na kuosha sahani mara sita. Urahisi wako ni uchovu wake. Na kama chungu ni kile kile, kalori zako 500 za ziada zimetoka katika sahani ya mtu mwingine, mara nyingi mtoto mdogo ambaye hawezi kubisha. Mtoto yule njo anahitaji sambaza kuliko wewe. Tusijenge vifua vyetu kwa kurudisha bwaki nyumbani.

Kwa hiyo mimi sipimi tena chakula cha kuongeza masa kwa kalori zilizoandikwa kwenye kopo. Ninauliza: nitakipika mwenyewe? Kitakaa salama bila frigo mpaka saa ya kula? Nitakitamani tena juma lijalo? Kimetoka katika pesa zangu, ao katika chungu cha wote? Uji wa masoso na karanga unajibu vizuri maswali hayo manne. Poda inajibu mawili. Galoni ya maziwa, huku kwetu, sioni hata moja.

Ndugu wa Lubumbashi, Uvira, Goma na Kindu, muandike hapa chini kile munachokulaka nyinyi, na muweke vipimo, si picha ya misuli tu.