Karai kwa karai: PHP na faili lililoshinda seva

Kwenye karasha za Nyamongo hakuna anayemwaga lori zima la mawe mdomoni mwa mashine. Mtu anajaza karai, anamimina, anarudi kwenye rundo. Ningelikumbuka hilo mapema, nisingelikesha nikikodolea macho tarakimu 134217728.

Hizo ni baiti, yaani megabaiti 128, kiwango cha kawaida cha kumbukumbu ambacho PHP huiruhusu skripti moja. Faili nililopewa lilikuwa la mauzo ya duka la jumla lenye matawi Nyamongo, Tarime mjini na Sirari: megabaiti 220, mistari kama milioni 2. Nikalisoma kwa file(), ambayo hupanga mistari yote kwenye kumbukumbu kwa mkupuo, na kila mstari unadai nafasi ya ziada juu ya maandishi yake. Skripti ikafa kabla ya nusu. Kuna wanaopandisha kiwango na kwenda kulala. Mwakani faili limenenepa, wanapandisha tena.

Dawa ni fopen, kisha fgets ndani ya kitanzi: soma mstari, jumlisha, uache uende. Hapo mtu huuliza, si itaenda diski mara milioni 2? Haiendi. PHP ina mfumo wa mitiririko wenye bafa yake tangu toleo la 4.3 la Desemba 2002. Fgets ya kwanza inachota baiti 8,192, inakupa mstari mmoja, iliyobaki inangoja kwenye bafa. Mistari yangu ilikuwa na wastani wa baiti 110, kwa hiyo karai moja lilitoa mistari sabini na kitu, na faili zima likaisha kwa safari kama 28,000. Nilipopima kwa memory_get_peak_usage, skripti haikufika megabaiti 2.

Kwenye laptopu yangu ya Windows hesabu zilitoka safi. Kwenye seva ya Linux, skripti ileile, faili lilelile, wateja wa mkopo wote wakasoma sifuri. Niliwatambua kwa namba ya simu, iliyokuwa safu ya mwisho ya kila mstari, nami nilikuwa nakata mkia kwa rtrim($mstari, PHP_EOL). Kwa macho namba zilikuwa sawa kabisa. Strlen ndiyo iliyosema kweli: namba ya tarakimu 10 ilihesabiwa 11. Faili lilitoka kwenye kompyuta ya Windows, ambako mstari huishia na alama mbili, \r\n. Ila PHP_EOL haijui faili lako limetoka wapi. Inajua tu inaendeshwa kwenye mashine gani. Kwenye Linux ilikata \n, ikaiacha \r imeng'ang'ania namba kama kupe. Andika rtrim($mstari, "\r\n") na skripti itakwenda popote. (Ndiyo, fgetcsv ingeniepusha na haya yote. Nilikuwa mbishi.)

Ukisoma kutoka mtandaoni badala ya diski, ongeza tahadhari. Fread ikiombwa baiti 8,192 inaweza kurudi na 1,400, kwa sababu ndizo zilizokuwa zimefika. Huo si mwisho wa faili. Endelea mpaka feof iseme kweli, na kipande cha mstari kilichokatika mwishoni kiunganishe na karai linalofuata kabla hujakitafsiri.

Kilichobaki kilikuwa kumpelekea mwenye duka nakala iliyosafishwa. Readfile hutuma kidogokidogo yenyewe, lakini kumbukumbu ikajaa upya. Nilitafuta kosa ndani ya kitanzi kwa saa nzima, kumbe juu kabisa ya ukurasa, kwenye kiolezo nilichonakili zamani, kulikuwa na ob_start: kila karai lililotoka lilikuwa linamwagwa tena kwenye rundo moja, likingoja ukurasa uishe. Nikaufuta mstari huo, na faili likaanza kushuka kwenye simu yake papo hapo.