Aksio na reaksio: formile tunayoijua kwa kichwa tu



Chukua mfinalisti yeyote wa sayansi hapa Kamina, umuombe sheria ya tatu ya Newton. Atakupa bila kufikiri: kila aksio inaleta reaksio yenye nguvu sawa na ya upande wa kinyume. Vizuri. Sasa muulize swali moja: kama mashini ya treni inavuta mabehewa, na mabehewa yanaivuta mashini kwa nguvu ileile, juu ya nini treni inatoka stesheni? Wengi watanyamaza. Wengine watasema mashini "inashinda". Lakini kama inashinda, basi nguvu haziko sawa, na ile sheria aliyotoka kutusomea haina kazi.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya BCK iliyotoka Bukama ilipita hapa na kufika Port-Francqui, yaani Ilebo ya leo, mwaka 1928. Ile ya Kabalo iliungana nayo mwaka 1956. Mtoto wa hapa anakua akisikia mabehewa yakigongana. Kama anapata diplome yake na hawezi kueleza namna treni inaondoka, lazima tuangalie vizuri ile formile aliyofundishwa. Mimi naona makosa mawili, na yote yanatokana na namna tunavyoisema, hayatoki kwa Newton.

Kosa la kwanza ni maneno yenyewe. Ukisikia "reaksio" unafikiri jibu: mmoja anaanza, mwingine anajibu nyuma yake. Njo maana ile sheria imegeuka kuwa methali ya kutishia watu, hata katika mahubiri na siasa: ukitenda ubaya utakurudia, hata fizika inasema hivyo. Fizika haisemi hivyo. Katika kitabu chake cha mwaka 1687, Newton alitoa mifano ya kawaida kabisa: kidole kinachosukuma jiwe, farasi anayevuta jiwe kwa kamba. Kidole kinasukuma jiwe, na jiwe linasukuma kidole wakati uleule. Hakuna wa kwanza, hakuna wa pili. Ukitaka, ita nguvu ya jiwe aksio na ya kidole reaksio. Hesabu haitabadilika hata kidogo.

Kosa la pili ni kitabu juu ya meza. Mfano huu uko katika daftari nyingi: uzito wa kitabu ni aksio, meza inakisukuma kwenda juu, hiyo ni reaksio. Nguvu ni sawa, upande ni kinyume, kwa hiyo kila mtu anafurahi. Lakini nguvu hizo mbili zote ziko juu ya kitabu kilekile, na sheria ya tatu inataka vitu viwili: mimi juu yako, wewe juu yangu.

Hakikisha kwa gunia la mahindi ndani ya lori. Lori likiingia katika shimo kwa mbio, gunia linaruka kidogo. Muda ule mfupi sakafu ya lori hailigusi, kwa hiyo hailisukumi kabisa. Na uzito wa gunia? Uko palepale. Kama nguvu hizo zingekuwa mapacha wa sheria ya tatu, moja isingeweza kufa na nyingine ikabaki. Pacha wa kweli wa uzito ni mwingine: gunia nalo linaivuta dunia. Gunia la kilo 50 linavutwa na dunia kwa niutoni karibu 490, nalo linaivuta dunia kwa 490 hizohizo. Hatuoni dunia ikisogea kwa sababu ni kubwa mno.

Sasa jambo linaloniuma zaidi. Tunakaririsha sheria hii kwa Kifaransa, na Kiswahili chetu kinaibeba katika kitenzi kimoja: kusukumana, kuvutana, kugongana. Hakuna anayeweza kugongana peke yake. Ukisema "vinasukumana" umeshasema kwamba vitu ni viwili, kwamba kila kimoja kinasukuma na kinasukumwa, na kwamba vinafanya hivyo pamoja. Mtoto wa miaka saba anajua hayo yote bila kufundishwa.

Kinachobaki kumfundisha ni neno "sawasawa", na hapo lazima tukubali kwamba kitenzi peke yake hakitoshi. Lori na pikipiki vikigongana, tunajua nani anaumia. Juu ya nini, kama nguvu ni sawa? Kwa sababu nguvu ni ileile, lakini vitu haviko sawa. Kama pikipiki na mwenyewe ni kilo 200, na lori ni kilo 10 000, mwendo wa pikipiki unabadilika mara 50 kuliko ule wa lori. Hiyo ni sheria ya pili. Kuchanganya nguvu na matokeo ya nguvu njo mzizi wa fujo yote.

Turudi stesheni. Ukitaka kujua kama mashini itaondoka, hesabu nguvu zilizo juu ya mashini peke yake. Mabehewa yanaivuta nyuma. Magurudumu yake yanasukuma reli kwenda nyuma, na reli inayasukuma kwenda mbele. Reli ikisukuma kupita mvuto wa mabehewa na vizuizi vingine, mashini inaanza kutembea. Hakuna aliyemshinda mwenzake: gurudumu na reli vinasukumana sawasawa, mashini na behewa vinavutana sawasawa. Njo maana mashini za treni zinabeba mchanga wa kumwaga mbele ya magurudumu. Reli ikilowa, gurudumu linateleza, haliwezi kusukuma reli vizuri, na reli nayo haiwezi kulisukuma. Mwenye kusukuma kinga yenye magunia ya makala anajua habari hiyo wakati wa mvua: mguu ukikosa pa kusukuma, kinga haiendi.

Juu ya nini naandika haya hapa? Kwa sababu wengi kati yetu tunafundisha, hapa mjini au kule Kabongo, Kaniama, Bukama na Malemba-Nkulu. Eksameni ya Serikali ina maswali ya kuchagua jibu, na mtoto anaweza kuchagua jibu zuri pasipo kuelewa kitu. Kesho yeye mwenyewe anasimama mbele ya darasa na kurithisha kitabu juu ya meza. Na yule anayeuliza "sasa vitu vinatembea namna gani?" anaambiwa anyamaze, asipoteze wakati wa wengine. Kumbe huyo ndiye aliyefikiri.

Mtu atasema programu na eksameni viko kwa Kifaransa. Ni kweli, na mtoto ataandika kwa Kifaransa. Lakini aelewe kwanza, kwa maneno anayoota nayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila nguvu itajwe na wenyewe wawili: A inasukuma B. Igeuze: B inasukuma A. Kama sentensi haigeuki, hizo si pacha. Pili, ukitaka kujua mwendo, chagua kitu kimoja na uhesabu nguvu zilizo juu yake tu. Tatu, tuache kitabu juu ya meza, tuchukue bwato. Mtu wa kilo 60 akiruka kutoka bwato la kilo 120 kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, bwato linarudi nyuma kwa mita 1 kwa sekunde, tukiacha pembeni maji yanayolizuia. Watoto wa kando ya Lualaba wameshaona hayo kwa macho.

Ninyi wenye darasa la fizika, jaribuni wiki hii, kisha mtuandikie hapa: watoto waliuliza nini?