Gango la Plastiki Huamuliwa Kwenye Plasta

Katika karakana ya viungo bandia na vifaa saidizi, macho ya mgeni huenda moja kwa moja kwenye tanuri. Humo bamba jeupe la plastiki huingia likiwa gumu, hutoka likiwa laini linaning'inia, na baada ya dakika chache limeshapata umbo la mguu wa mtu. Ni rahisi kuamini kwamba hapo ndipo kazi inapofanyika. Hoja yangu ni kwamba kazi huwa imeshaamuliwa kabla tanuri halijawashwa: kwanza fundi anaposhika mguu plasta ikiganda, kisha anapochonga nakala ya mguu huo. Plastiki ni tiifu mno. Hunakili kila inachokuta, pamoja na kosa.

Gango ninalolizungumzia ni lile linaloanzia chini ya goti hadi vidoleni na kuvaliwa ndani ya kiatu. Hulihitaji mtoto mwenye mtindio wa ubongo anayekanyagia vidole, mtu mzima ambaye kiharusi kimemwacha na unyayo unaoburuta, na aliyepooza mguu kwa polio. Zamani watu hawa walitengenezewa vyuma viwili vya pembeni vilivyounganishwa na kiatu na kufungwa kwa mikanda ya ngozi. Polipropileni ilipata nafasi kwa sababu zilizo wazi: ni nyepesi hata kuliko maji, hainyonyi jasho, huoshwa kwa sabuni, na ikipashwa moto hukubali kurekebishwa. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyoanza programu yake ya huduma hizi mwaka 1979, iliichagua plastiki hii kuwa msingi wa mbinu zake, na mwaka 2004 ikatunukiwa Tuzo ya Brian Blatchford kwa kazi hiyo. Huku kwetu Tanzania, chuo cha TATCOT kilichoko katika hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha mafundi wa fani hii tangu mwaka 1981.

Tuanze na upigaji wa plasta. Mgonjwa huketi, goti likiwa limekunjwa. Goti likinyooka, msuli mkubwa wa shavu la mguu, ambao huanzia juu ya goti, huvutika na kuzishusha ncha za vidole. Likikunjwa, msuli hulegea na unyayo huweza kuinuliwa hadi ufanye nyuzi 90 na muundi. Ila kama msuli huo umefupika kweli, nyuzi 90 zilizopatikana kwenye kiti zitakataa mgonjwa atakaposimama, ndiyo maana fundi makini hupima pia goti likiwa limenyooka kabla hajalowesha bandeji. Kisha huvalisha mguu soksi nyembamba, huweka alama kwa penseli ya wino juu ya kila mfupa uliojitokeza, hulaza mpira mwembamba mbele ya mguu ili baadaye kisu kipite juu yake, na kuzungusha bandeji za plasta. Kuanzia hapo ana dakika chache tu. Mkono mmoja hushika kisigino kisilale upande, wa pili huinua sehemu ya mbele ya unyayo, na yote miwili haina ruhusa ya kuteleza mpaka plasta igande. Kisigino kikiwa kimelalia ndani kwa nyuzi chache, hakuna mashine itakayogundua. Gango litatoka safi linang'aa, na litamlazimisha mtoto kukanyaga upande siku nzima.

Kinachofuata hupewa nafasi ndogo katika maelezo mengi, nami nadhani ndicho kiini. Ganda lililokatwa kutoka mguuni hujazwa uji wa plasta, bomba la chuma likiwa katikati. Ganda likishabanduliwa, hubaki mguu wa plasta unaobanwa kwenye jiliwa, na alama za penseli zimehamia juu yake. Mguu huo hauachwi ulivyo, kwa sababu gango halikusudiwi kufanana tu na mguu. Linapaswa kuusukuma panapovumilia na kuuepuka pasipovumilia. Juu ya nundu mbili za kifundo, juu ya mfupa uliochomoza upande wa ndani wa unyayo, na kwenye shina la mfupa wa kidole kidogo, fundi huongeza plasta milimita kadhaa ili plastiki ipite bila kuminya. Penye nyama hupunguza kwa tupa. Unyayo unaoshuka hudhibitiwa kwa nguvu tatu: moja chini ya unyayo karibu na vidole ikisukuma juu, moja nyuma ya shavu la mguu ikisukuma mbele, na ya tatu mbele ya kifundo, kwa mkanda, ikikizuia kisigino kisichomoke. Moja ikikosekana, mbili zilizobaki hazifanyi kazi. Kadiri ukingo wa juu unavyopanda, mkandamizo juu ya ngozi hupungua. Lakini ukipanda mno utabana mshipa wa fahamu unaopita karibu na kichwa cha mfupa wa nje, chini kidogo ya goti, na mshipa huo ndio unaouinua unyayo. Kwa hiyo ukingo huishia sentimita 2 au 3 chini ya kichwa hicho cha mfupa. Alama ya penseli iliyowekwa mwanzo ndiyo inayomwonyesha fundi mpaka huo.

Tanuri lina kanuni zake, na kanuni hizo zinafuatika. Polipropileni huyeyuka karibu na nyuzi 165 za Selsiasi; bamba la milimita 3 hadi 5 huwekwa kwenye joto la takriban nyuzi 180 mpaka weupe wake upotee na lianze kupenyeza mwanga. Hulazwa juu ya mguu wa plasta uliovishwa soksi ya pamba, kingo zikabanwa mbele, na pampu ikanyonya hewa kupitia lile bomba. Soksi ndiyo njia ya hewa. Isipokuwapo, viputo hubaki. Kosa kubwa hapa ni haraka, maana plastiki hii huendelea kusinyaa inapopoa, na ikivuliwa mapema hupoteza umbo. Ni heri iachwe hadi kesho yake.

Kwenye ukataji, uamuzi wa fundi hurudi. Karatasi bapa hupinda kwa uzito wake yenyewe, lakini ukiizungusha iwe kama mwanzi husimama. Vivyo hivyo plastiki inayozunguka hadi mbele ya nundu za kifundo haiyumbi, na ikikatwa nyuma ya nundu hugeuka springi ya kuinua vidole tu. Kupunguza kunawezekana wakati wowote, kurudisha hakuwezekani. Basi ukingo uanzie mbele, upunguzwe mgonjwa akishatembea. Msasa kwenye kingo nao si urembo, kwa kuwa ufa huanzia kwenye mkwaruzo.

Wapo watakaosema vipimo vya kompyuta na mashine za kuchapa plastiki vimeondoa haja ya plasta. Vinapunguza uchafu na kuhifadhi kumbukumbu, hilo nakubali. Lakini kamera huchukua mguu jinsi ulivyoshikwa, na anayeongeza au kupunguza kwenye skrini lazima ajue mfupa upi hauvumilii. Wengine hutaja magango ya dukani. Kwa unyayo uliolegea tu yanaweza kutosha. Kwa msuli unaokaza na kisigino kilicholala hayatoshi. Wenye hoja nzito zaidi ni watetezi wa vyuma na ngozi: mguu unaovimba na kunywea haukai vizuri ndani ya ganda lisilotanuka. Hapo wana haki, na karakana isiifunge meza yake ya vyuma.

Wanaopanga bajeti za hospitali wanunue tanuri, lakini kwanza walipie mafunzo na muda wa kutosha wa kupiga na kuchonga plasta. Nawe mzazi, mtoto akivaa gango jipya, mvue baada ya muda mfupi uitazame ngozi. Wekundu usiopotea ndani ya dakika 30 ni sababu ya kurudi kwa fundi, na usikubali kuambiwa kwamba atazoea.