Pengo katika Ramani ya Mshabiki
Katika The Isle of Dread (1981), kitabu cha David Cook na Tom Moldvay cha mchezo wa Dungeons & Dragons, wachezaji hupewa ramani ya kisiwa ambayo sehemu kubwa ya ndani ni tupu; huijaza kadiri wasafirivyo. Ni kosa, basi, kuziita ramani za mashabiki nakala tu. Kitabu hicho kilichora pia nchi za bara lililo jirani, kila pembesita ikiwa maili 24. Vitabu vya nchi hizo vilivyoanza kutoka 1987 vikateremka hadi maili 8. Azioanishaye hana budi kuamua mto upinde wapi, na huo ni ufasiri. Kasoro ya nyingi, kwa maoni yetu, ni uroho wa kutoacha pengo: mshabiki humnyima mchezaji ajaye utupu uleule uliomfanya yeye ashike kalamu.