Hongera kwa waliotuokolea Star Wars ya 1977

Mwaka 1997 mwongozaji George Lucas aliirudisha Star Wars kwenye majumba ya sinema ikiwa na viumbe wa kompyuta ambao watazamaji wa 1977 hawakuwaona. Hata mhusika Greedo akafanywa afyatue bunduki kabla ya shujaa Han Solo, na Han Solo yule mjanja asiyeaminika akapoa. Toleo la mwanzo likawekwa kando. DVD za 2006 zililileta kama nyongeza tu, tena kwa picha hafifu.

Ndipo mashabiki wa mradi wa 4K77 walipojitosa. Walitafuta mikanda ya milimita 35 ya mwaka 1977, wakaiskani, kisha wakaondoa vumbi na mikwaruzo. Filamu ya dakika 121, fremu 24 kila sekunde: ni zaidi ya picha 170,000! Kopi nyingi za enzi hizo zimepauka zikawa za waridi, lakini zilizochapwa kwa mfumo wa Technicolor hushika rangi, nao wakaegemea kopi ya aina hiyo. Katika toleo lao moja chembechembe za filamu hawakuzifuta, na hapo hasa ndipo ninapowavulia kofia. Waliiokoa filamu bila kuipamba upya. Hongereni sana, kazi hiyo ilistahili kufanywa na studio yenyewe.