Jinsi Joginder Singh Alivyomaliza Safari 19

Kutoka Chawia hadi Mwatate gari hushuka takribani mita 700 kwa kona zilizokatwa ubavuni mwa mlima, ukuta wa udongo mwekundu upande mmoja, bonde na migomba upande wa pili. Mvua ya masika ikishapiga, njia za aina hii huwa utelezi mtupu. Safari Rally ya zamani, ilipokuwa ikipita Voi na Milima ya Taita katika mkondo wa Pwani, iliwaleta madereva kwenye miteremko kama hii wakiwa na usingizi machoni na gari lililokwisha kupigwa na mawe kwa mamia ya kilomita. Ukitaka kujua kwa nini Joginder Singh alishinda mashindano hayo mara tatu, mteremko wa Taita utakufunza mengi kuliko orodha ya vikombe vyake.

Joginder alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi mwenye gereji, na mikono yake ilizoea grisi mapema. Kabla ya kuwa jina kubwa alifanya kazi ya fundi wa doria wa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwafuata watu waliokwama njiani na kuyafufua magari yao papo hapo. Safari yake ya kwanza ilikuwa ya 1959, ya mwisho 1980. Katika miaka hiyo alianza mashindano mara 22 na kuyamaliza mara 19. Mashabiki walimwita Simba, na wengi humkumbuka kwa ushindi wa 1965, 1974 na 1976. Mimi nashika hiyo 19 kwa 22.

Ili namba hiyo ieleweke, kumbuka Safari ya 1963. Magari 84 yaliondoka, yakarudi saba. Siku hizo hapakuwa na barabara zilizofungwa kwa ajili ya washindani. Walikimbia kilomita karibu 5,000 za barabara za kawaida, usiku na mchana, kati ya malori na ng'ombe, kutoka kituo hadi kituo, na kila dakika ya kuchelewa kituoni iliandikwa kama adhabu. Muda uliopangwa katika sehemu ngumu ulikuwa mfupi mno, hivyo karibu kila mtu alichelewa. Mshindi alikuwa yule aliyechelewa kidogo kuliko wenzake, na ili uchelewe kidogo sharti kwanza gari liwe bado linatembea.

Sasa turudi mlimani. Chukua gari la tani moja na kilo 200, ukihesabu watu wawili, petroli, spea na matairi ya akiba. Likishuka mita 700, uzito huo unaachia nishati inayotosha kuchemsha takribani lita 25 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Upepo na mikwaruzo ya barabara huchukua sehemu, na kinachobaki hugawanywa kati ya injini na breki, kwa uamuzi wa dereva. Anayeshuka kwa gia ya nne huku mguu uko kwenye breki ameipa breki mzigo wote. Breki za dramu, ambazo ndizo zilizokuwa kwenye magari mengi ya miaka ya 1960, hazipendi kazi hiyo: dramu ikipata moto hupanuka na kujitenga na vile vibao vinavyoikamata kutoka ndani, pedali inazama, unakanyaga zaidi, joto linazidi. Kona ya nne au ya tano hakuna tena kinachoshika.

Fundi hushuka tofauti. Anaingia gia ya pili kabla mteremko haujaanza, anaiacha injini ivute nyuma, na breki anaikanyaga kwa nguvu mara moja kabla ya kona kisha anaiachia ipoe. Kwa macho ya mtazamaji aliyesimama ukingoni, huyu anaonekana mzembe kidogo. Lakini akifika Mwatate ana breki za kumpeleka Voi, na Voi kuna mamia ya kilomita bado. Sijui njia nyingine ya kuieleza 19 kwa 22 isipokuwa kwamba Joginder aliendesha hivi kila siku, kwa kila kiungo cha gari: breki, klachi, springi, radieta. Mtu aliyewahi kubadilisha springi iliyokatika kando ya barabara, jua la saa saba likimchoma mgongo, halirushi gari kwenye shimo kwa kuwa tu saa imemzidi.

Ushindi wa 1965 ndio unaoonyesha mbinu hiyo waziwazi. Timu ya kiwanda cha Volvo ilikuja Safari ya 1964 na haikupata ilichokitaka. Joginder akanunua gari mojawapo walilolitumia, PV544, akaliandaa mwenyewe, akamchukua ndugu yake Jaswant awe msomaji wa njia, na Pasaka iliyofuata wakashinda. Yaani gari la mtumba, mikononi mwa dereva wa ridhaa, lilifanya kile ambacho wenye kiwanda walishindwa kukifanya nalo.

PV544 halikuwa gari la ajabu. Lilikuwa na umbo la kizamani hata kwa wakati wake, injini ya lita 1.8, bodi nzito ya chuma iliyoungwa kipande kimoja, na ekseli ngumu ya nyuma juu ya springi za koili. Hakuna kitu humo ambacho fundi wa Voi angekitazama akashindwa kukielewa, na kwa maoni yangu hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake. Katika mashindano ya siku nne, kifaa unachoweza kukirekebisha kwa nyundo na spana gizani kina thamani kuliko kifaa bora kinachomngoja mtaalamu kutoka ng'ambo. Bahati nayo ilichangia: waliondoka na namba 1, kwa hiyo vumbi waliliacha nyuma yao badala ya kulila. Lakini namba 1 haikutoi kwenye matope. Anayetangulia ndiye huwa wa kwanza kukuta mto umejaa.

Mwaka 1974 hali ilikuwa nyingine. Alikuwa na Mitsubishi Lancer 1600 GSR na David Doig pembeni yake, na aliyemfuata katika nafasi ya pili alikuwa Björn Waldegård ndani ya Porsche 911, gari lenye nguvu zaidi kwa mbali. Lancer lile lilikuwa jepesi, lina injini ya chini ya lita 1.6 na springi za majani nyuma, kama pikapu. Mvua ilikuwa kubwa mwaka huo, na kwenye matope nguvu nyingi huzungusha tairi tu bila kulisogeza gari. Mwaka 1976 alirudia, na Lancer zikashika nafasi tatu za kwanza, Robin Ulyate akiwa wa pili na Andrew Cowan wa tatu.

Watu husema wenyeji walishinda kwa kuwa walizijua barabara. Ni kweli, na historia inaunga mkono: tangu 1953 hadi 1971 hakuna dereva wa ng'ambo aliyeshinda, mpaka Hannu Mikkola alipokuja na Ford Escort mwaka 1972. Ila kuijua barabara peke yake hakumalizi habari, maana wenyeji wengi walioijua vilevile waliishia kuvutwa kwa kamba. Joginder alijua pia gari lake limebakiza nini. Alijua springi ipi imechoka, na akapunguza mwendo mahali ambapo springi hiyo ingekatika, si mahali pengine popote.

Safari ilirudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, na makao yake ni Naivasha. Ni mashindano mazuri, lakini ni ya sehemu fupi zilizofungwa na magari ambayo kijana wa gereji hawezi hata kuota kuwa nayo. Ombi langu ni kwa wanaopanga mashindano ya taifa: leteni raundi moja ya masafa marefu Taita Taveta, ipite Mwatate, Bura na Wundanyi, na muweke daraja la magari ya kawaida yaliyoandaliwa na dereva mwenyewe, ambapo spea zote zibebwe ndani ya gari na kumaliza kulipwe pointi nyingi kuliko muda wa haraka. Mafundi wa kuingia wapo tayari, Voi hadi Taveta.